Mwalimu Phanice Gisiri na Gari Lililobeba Alto

Mwisho wa mwezi huu wa Agosti, Mwalimu Phanice Gisiri anastaafu baada ya kufundisha Fizikia kwa miaka thelathini na minne, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu Ndhiwa. Atarudi kwao Kehancha akiendesha gari lake dogo jeusi lenye turbo. Sisi wa Klabu ya Magari tumeombwa tueleze, katika kijitabu hiki cha sherehe, ni kwa nini gari hilo lingali linatembea. Kuna wakati halikutarajiwa kutembea.

Alianza kazi karibu na nyumbani, Kuria Magharibi, kisha akahamishiwa Mbita. Huko aliazima injini ya mashua kwa mzazi mmoja ili afundishe somo la joto na mgandamizo. Injini ilirudi kwa mwenyewe ikinguruma vizuri kuliko ilivyotoka, na tangu hapo, siku za wazazi, watu walikuwa wakifika shuleni na injini mabegani badala ya kuuliza matokeo ya watoto wao. Alipohamia kwetu alikuta karakana iliyojaa madawati mabovu. Aliyatoa, akafagia, akaanzisha klabu.

Wanaomfahamu kwa mbali humjua kwa sauti. Anaongoza kwaya ya kanisa lake la Waadventista, na darasani hazungumzi, anatangaza. Kijaluo chake kina lafudhi ya Kikuria ambayo hajawahi kuionea aibu, na wanafunzi wakicheka huwaambia wajaribu wao kusema Kikuria, naye aketi chini acheke.

Wanaomfahamu kwa karibu humjua kwa neno moja: kipimo. Mwanafunzi akiandika katika jaribio la maabara kwamba maji yalichemka kwenye nyuzi mia moja kamili, Mwalimu humwuliza kama hiyo ndiyo namba aliyoisoma kwenye kipimajoto, au ndiyo aliyodhani mwalimu anataka kuisikia. Hapa kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika mia, kwa hiyo waongo hujulikana mapema. Hakuna mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa kosa hilo. Alifuta tu ubao na kusema, "Anza upya. Swali la kwanza." Maneno hayo yalituuma kuliko kiboko, na ni vyema yakumbukwe, kwa sababu yatarudi.

Gari jeusi alilinunua watoto wake walipomaliza masomo. Kila mwaka, Homa Bay huwa na mashindano ya magari ya kupanda kilima, gari moja moja, kila moja likipimwa muda wake, kwenye barabara ya murram isiyo na lami, yenye kona nyingi. Mwalimu aliliandikisha gari kwa jina la klabu mara mbili. Mara zote mbili lilirudi shuleni likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya Bwana Obare, naibu wa mwalimu mkuu. Mara ya kwanza lilichemka. Mara ya pili giaboksi ilipata joto ikakataa kuingiza gia. Bwana Obare ni mtu wa utaratibu, na safari ya kamba ya pili ilimtosha. Mwaka jana alitangaza kwamba gari likirudi kwa kamba mara ya tatu, klabu itafungwa na karakana itakuwa ghala la mahindi ya shule. Alikuwa ameshapima mlango kuona kama magunia yatapita.

Kwa hiyo mashindano ya mwaka huu yalikuwa ya mwisho ya Mwalimu kabla ya kustaafu, na pengine ya mwisho ya klabu. Akaamua kwamba safari hii gari litatuniwa kitaalamu.

Kwa wageni wetu ambao si watu wa magari, maelezo kidogo. Gari la aina hii lina kompyuta inayoamua injini ipate hewa na mafuta kiasi gani, cheche iruke lini, na giaboksi ibadilishe gia wakati gani na kwa nguvu gani. Mtaalamu anaweza kuyaandika maagizo hayo upya ili yamfae mwenye gari. Kazi hiyo huitwa kutuni. Bahati mbaya, kwa vijana wa leo kutuni ni pia kumrushia mtu maneno matamu ili akupende. Kamusi ya maktaba yetu haina maana hiyo, tulitazama. Mwalimu naye hakuijua, ndiyo maana Jumatatu moja ubao wa matangazo wa chumba cha walimu, ule unaoonekana dirishani, ulikuwa na maandishi yake makubwa: "Natafuta kijana mwenye uzoefu wa kunitunia vizuri kabla sijastaafu."

Kidato cha Pili kizima kilipita dirishani wakati wa mapumziko. Bwana Obare alipofika alisimama mbele ya ubao kwa muda, akachukua chaki nyekundu, akaongeza neno "gari" mahali panapofaa, akaondoka bila kumtazama mtu. Mwalimu alipoelezwa alicheka hadi akaketi, na hakulifuta tangazo.

Kijana alipatikana, na hakuwa mgeni. Maxwell alisoma hapa, alikuwa mwanachama wa klabu, na sasa anatuni magari Kisumu. Ijumaa mchana, katika kipindi cha klabu, Mwalimu alimpigia simu karakanani na kuiweka sauti ya juu ili sote tujifunze. Maxwell alieleza kwamba hakuna tuni nzuri ya kila gari. Kuna inayomfaa mtu fulani, mafuta fulani na barabara fulani. Ndiyo maana huanza kwa maswali.

Aliuliza gari linatumia mafuta gani. Mwalimu akajibu kwamba hutumia petroli ya daraja la juu, siku zote. Aliuliza dereva atafanya mazoezi mara ngapi kilimani kabla ya mbio. Mwalimu akajibu, siku nzima ya Jumamosi. Aliuliza gari hufanya kazi gani nyingine. Mwalimu akasema hakuna, ni gari la mbio tu.

Sisi tulitazama sakafu. Petroli ya daraja la juu haijawahi kuuzwa katika kituo chetu, na Mwalimu akienda Kehancha hununua hata ile ya chupa kando ya barabara kituo kikiishiwa. Jumamosi ni Sabato, na hajawahi kugusa usukani kabla ya jua kutua. Kuhusu gari la mbio tu, kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mito ya waimbaji wa sauti ya pili, anaowaita alto, ambao yeye mwenyewe huwasafirisha kila kwaya inapoalikwa. Lakini ni nani kati yetu angemsahihisha? Maxwell alikuwa amekua, alikuwa mtaalamu, na tunadhani Mwalimu alitaka mwanafunzi wake wa zamani amwone kama dereva wa kweli.

Maxwell akamtumia tuni iliyolingana na majibu hayo. Ilikuwa kali. Turbo ilisukuma hewa nyingi, cheche iliruka mapema, na gia zilibadilika juu kabisa na kwa kishindo. Mwalimu alizunguka uwanja wa shule mara moja, na wavulana wa Kidato cha Nne wakapiga makofi. Hata Bwana Obare alichungulia.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa na mwaliko Migori. Alto walipanda kama kawaida, Mama Dorah mbele kwa sababu ya magoti yake. Kila gia ilipobadilika, wanawake wanne walitikisa vichwa kwa pamoja kama wanaokubaliana na mahubiri. Walipofika mlimani, Mama Dorah, ambaye humwita Mwalimu kwa jina la mwanawe wa kwanza, akasema kwa upole, "Mama Robi, gari lako lina kwikwi."

Wote walicheka, na Mwalimu akacheka nao. Kisha akafungua dirisha na kusikiliza, kwa sababu nyuma ya kwikwi kulikuwa na kitu kingine: mlio mdogo mkavu, kama kokoto kwenye kopo la bati, kila alipokanyaga mafuta. Alikuwa ametufundisha mlio huo. Ni mafuta dhaifu yanayowaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na injini ikiendelea hivyo pistoni hutoboka. Aliondoa mguu, akapanda mlima polepole, na alto wakawahi kuimba wimbo wa pili badala ya wa kwanza.

Ijumaa alitukusanya tena karakanani na kupiga simu ileile, sauti juu, mbele ya watu walewale. Angeweza kupiga akiwa nyumbani. Tunaandika hili kwa sababu ndilo jambo kubwa zaidi alilowahi kutufundisha, na halimo katika silabasi.

"Maxwell," akasema, "nilikupa majibu ya mtu mwingine."

Tukasikia sauti ya Maxwell, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Sawa, Mwalimu. Anza upya. Swali la kwanza."

Karakana nzima iliangua kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa yeye. Kisha akapangusa macho na kujibu. Mafuta: petroli ya kawaida ya Ndhiwa, na akiwa Kehancha, yoyote iliyopo. Mazoezi: hakuna, kwa kuwa dereva ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye Jumamosi yuko kanisani. Kazi nyingine ya gari?

"Hubeba alto."

"Alto wangapi, Mwalimu?"

"Watatu, na Dorah."

Mama Dorah yupo nasi leo, na ametupa ruhusa tuiandike.

Tuni ya pili haikumfanya mtu yeyote apige makofi. Maxwell alipunguza msukumo wa turbo na kuchelewesha cheche ili petroli ya kawaida iwake kwa wakati wake. Nguvu aliiweka katikati, pale dereva asiyeijua barabara anapoihitaji akitoka kwenye kona. Giaboksi aliiagiza ibadilishe gia mapema na kwa ulaini siku za kawaida, na kilimani ishikilie gia ya pili badala ya kupanda na kushuka hadi ipate joto. Sisi tulifunga radiata ndogo ya kupoza mafuta ya giaboksi, tukaifunga vibaya, tukaifungua, tukaifunga tena. Mama Dorah alipelekwa sokoni na kurudishwa kama jaribio. Alilala njiani. Mwalimu alituambia tukiandike hicho kama kipimo.

Jumamosi ya mazoezi, madereva wengine walikuwa kilimani na Mwalimu alikuwa kanisani. Jumapili asubuhi, kabla ya mbio, Bwana Obare alitokea akiwa na kikombe cha uji na pikapu yake, kamba ikiwa nyuma. Alisema jana alikuwa amekwenda Mbita kumwona dada yake, akapitia kilimani kwa bahati. Kwa bahati hiyo alijua kona ya tatu ina murram iliyolegea, na kwamba baada ya mti uliokatwa barabara hujikunja ghafla kushoto. Njia ya Mbita haipitii pale. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia ahsante, na hakumwuliza habari za dada.

Alipanda. Hatukumwona sana, tulimsikia: injini ilipanda kwa sauti moja iliyotulia, bila kokoto. Magari mawili yaliyomtangulia yalikuwa yameegeshwa kando yakitoa mvuke, nayo yalikuwa na nguvu nyingi kuliko lake. Alimaliza wa sita. Tuliimba kama amekuwa wa kwanza, kisha tukakumbuka kwamba bado kulikuwa na njia ya kurudi, na kwamba mara zote mbili za awali gari lilikufa njiani.

Kutoka Homa Bay hadi Ndhiwa pikapu ya Bwana Obare ilifuata nyuma ya gari jeusi. Sisi tulikuwa nyuma ya pikapu hiyo, na tulimwona Bwana Obare akigeuka kuitazama kamba mara kwa mara, kama mtu aliyebeba mwavuli siku ya jua. Gari liliingia langoni kwa magurudumu yake lenyewe. Mwalimu alizima injini, akashuka, akamwomba ile kamba. Akamwambia kwamba klabu itahitaji mlezi mwingine Septemba, na mlezi mzuri ni yule anayejua kona ya tatu. Bwana Obare alisema yeye hajui lolote kuhusu magari. Mwalimu akamwambia hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Leo mtakapotoka ukumbini mtaiona kamba hiyo imefungwa mbele ya mlango wa karakana. Bwana Obare, mlezi mpya wa Klabu ya Magari, ndiye atakayeikata. Mahindi yatatafutiwa mahali pengine.

Tunawashukuru mumewe, Mzee Gisiri, na watoto kwa kutuazima Mwalimu kwa miaka mingi hivyo. Tunawashukuru alto kwa uvumilivu wa shingo zao. Na wewe, Mwalimu, asante kwa kupiga ile simu mbele yetu. Tunakuombea siku ndefu na tulivu Kehancha, petroli yoyote iliyopo, na giaboksi isiyopata joto. Tutakupigia simu kila Ijumaa, sauti juu. Tukikuuliza hali yako, usitupe jibu unalodhani tunataka kulisikia. Tupe kipimo. Usipotupa, unajua tutakachosema.

Klabu ya Magari