Sabine na Kabati la Ngazi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, mlioko Arlington, Plano na kule Houston. Jioni hii tunamkumbuka Sabine, Mama Carmen, fundi wa mbao wa mtaa wa Gulfton, Houston. Sabine alitutoka Alhamisi, kwa maradhi ya moyo.

Alizaliwa Burundi. Useremala alijifunzia katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, akitengeneza vitanda. Alipofika Houston, bibi mmoja Mmarekani, Charlotte, alimwajiri katika karakana yake ya kukarabati makabati ya kale ya Kijapani.

Kabati moja lilikuwa na umbo la ngazi. Chini ya kila kipandio, droo. Viungo vyake vimepachikwa mbao kwa mbao, bila msumari. Kabati hilo Charlotte aliachiwa na marehemu mumewe, na hakutaka liguswe ovyo. Sabine alilipaka utomvu wa mti, ile vanishi ya Kijapani, safu juu ya safu, akingoja kila safu ikauke.

Kisha ikaja ile mvua ya kimbunga iliyofurika Houston. Maji yakaingia karakanani mchana kweupe, Sabine na Charlotte wakiwa kazini. Gari lililosombwa likaegemea mlango. Mlango ukagoma. Maji magotini. Maji kiunoni. Dirisha pekee lilikuwa juu, karibu na paa.

"Mama hakujua kuogelea," binti yake, Carmen, ameniambia.

Sabine akalisukuma kabati mpaka chini ya dirisha. Akajaza nyundo na patasi kwenye droo, lisielee.

Charlotte akapiga kelele: "Usilikanyage! Ni la mume wangu!"

"Ni ngazi, mama. Lilitengenezwa likanyagwe. Panda!"

Charlotte akakataa. Maji yakafika kifuani. Sabine akamshika mkono: "Mimi sipandi nikakuacha."

Hapo Charlotte akavua viatu, wasikilizaji, asilikwaruze. Akapanda akilia. Kipandio cha tatu kikalia kwa uzito. Hakikuvunjika. Sabine akafuata, wakatokea dirishani hadi paani. Wenye mashua wakawachukua juu ya paa.

Maji yalipopungua, utomvu ulikuwa umebanduka. Viungo vilikuwa imara. Sabine alianza kulipaka upya. Maradhi yakamkatiza.

Kwenye mazishi Charlotte alisema maneno machache tu: "Mimi ningekufa nimelikumbatia kabati lile."

Kwa mume wa Sabine, Nazaire, kwa Carmen, na kwa bibi Charlotte: poleni sana. Mungu amlaze Sabine mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, tazama hapo nyumbani kwako. Ni kitu gani unakilinda kisiguswe? Na ni nani ungemwambia akikanyage, apande?