Dakta Taratibu Anatuachia Chumba cha Nyuma

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kliniki yetu ya mifugo, Dakta Taratibu anastaafu. Jina lake halisi limo kwenye cheti tutakachomkabidhi. Hapa tutamwita kama tulivyomwita siku zote, naye sababu anaijua. Mteja akija na kuku anayekohoa, hatoki kabla hajaeleza habari za kuku, za banda, za jirani na za mkwewe. Foleni inafika barabarani, sisi wa mapokezi ndio tunaosemwa, na yeye yuko ndani anamkata paka kucha kana kwamba duniani kuna paka mmoja tu.

Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa wenzangu wanajua mimi ni mtu wa wasiwasi, na wiki hii wasiwasi umenizidi.

Alianza enzi za kuwafuata ng'ombe mazizini. Aliwahi kupigwa teke na punda akaangukia ndani ya hori, akatoka na majani kichwani, akamalizia kumdunga sindano punda yuleyule. Alipigania chanjo ya kichaa cha mbwa ifike kila mtaa, akafanikiwa. Amewafundisha kazi madaktari ambao leo ni wakubwa wake kwa cheo. Kikaoni hajawahi kufika kwa wakati.

Lakini tutakalomkumbuka kwalo zaidi ni ile kanuni aliyoibandika ukutani, ambayo sisi tulidhani ni ukorofi tu. Chumba cha matibabu anaingia mtu mmoja na mnyama wake, naye ni yule anayemlisha. Mnyama akilazwa, aliyemleta hupewa kibati chenye namba, na harudishiwi yeyote ila mwenye kibati. Mabwana wengi wamenuna kwenye benchi langu kwa ajili ya kanuni hiyo. Tulichelewa sana kuelewa kwamba Dakta alikuwa akitafuta dakika chache za kuzungumza na mtu ambaye kwingine kote hakosi wa kumchunga. Alikuwa ameona mengi. Alituambia kuwa katika nyumba ambamo mbwa anavunjwa mbavu, mara nyingi kuna mwingine anayeumizwa, na huyo haletwi kutibiwa.

Kisa ninachokisimulia, mwenyewe ameturuhusu, maana sasa yuko mbali na yuko salama. Alikuwa mshonaji, mke wa fundi wa friji. Fundi huyo tulimpenda sote. Alikuwa mcheshi, mwenye kututania, na friji yetu ya chanjo ilipogoma alikuja siku ya mapumziko kuitengeneza. Mkewe ndiye aliyekuwa akimleta mbwa wao wa rangi ya majivu, leo mguu, siku nyingine jicho, siku nyingine meno. Kila mara aliyelaumiwa ni pikipiki. Siku hiyo zilikuwa mbavu. Fundi akabaki kwenye benchi akinipigia soga, mshonaji akaingia ndani.

Dakta alimfunga mbwa bendeji, taratibu kama kawaida yake, kisha akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, pikipiki gani hii inayomwinda mbwa mmoja tu? Na huo mkono unaouficha kwenye mtandio umefanyaje?"

Mshonaji akalia. Alieleza kwamba shangazi yake alikuwa amemwandalia chumba tangu zamani, ila mumewe ameapa kuwa siku atakayoondoka, mbwa ndiye atakayelipia. Paka wao alikwisha kulipia, siku moja tu mshonaji alipochelewa sokoni.

"Nikiondoka, atammaliza huyu," alisema. "Siwezi, Dakta."

"Basi ataanza yeye kuondoka," Dakta akamjibu. "Huyu analazwa hapa. Wewe shika kibati."

Mbwa akawekwa chumba cha nyuma, tulikokuwa tukirundika magunia ya chakula. Dakta akampigia simu afisa wa ustawi wa jamii. Kesho yake mshonaji alibeba cherehani yake kama anayeipeleka kutengenezwa, na afisa akamfikisha kwa shangazi. Hakurudi.

Asubuhi iliyofuata fundi akaja. Alikaa kwenye benchi na mnyororo wa mbwa mkononi, anatabasamu vilevile. Nikamsomea kanuni. Akaja tena siku ya pili, na ya tatu, anauzungushia mnyororo kiganjani, anaukunjua, anauzungusha tena. Mbwa aliyekuwa akibweka tangu tufungue mlango, akiisikia tu sauti yake, alinyamaza kabisa. Nilimwogopa fundi kwa ule ukimya kuliko kwa mnyororo wake.

Mwishowe akasimama mbele ya Dakta. "Mbwa ni wangu," alisema kwa upole, "na aliyemleta ni wangu."

Dakta alikuwa anakunja bendeji. "Mwenye kibati ndiye atakayemchukua," alisema. Fundi akarudi kukaa kwenye benchi; Dakta akavuta kiti, akakaa mkabala naye goti kwa goti, akaendelea kukunja. Nasi tukasogea mmoja mmoja tukasimama nyuma ya kiti chake. Baada ya muda mrefu fundi aliinuka akatoka, mnyororo akauacha kwenye benchi. Dakta alikwenda kunawa, kisha akamwita mteja aliyefuata. Siku chache baadaye akaja mama mmoja mnene, hana salamu, kibati mkononi. Alikuwa shangazi. Mbwa aliondoka naye akitikisa mkia.

Tangu hapo magunia hayakurudi chumba cha nyuma. Tumelaza mbuzi, sungura, na kasuku mmoja aliyekuwa akitukana kwa sauti nzito. Tulimcheka, mpaka siku mwenye sauti hiyo alipokuja kumuulizia.

Wiki hii yumo paka. Hatusemi ni wa nani. Aliyemlaza ni daktari mpya, Dakta akiwa amekaa nje kwa makusudi, na alimlaza vizuri. Mwenye kibati aliahidi kuja Jumatatu. Hajaja, simu yake haipatikani, na kuna bwana mmoja mpole ambaye ameanza kukaa kwenye benchi langu. Nikimtazama, nahesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa.

Dakta, tunakushukuru. Lala mpaka jua lichomoze, fuga kuku wasiokohoa, uwachoshe wajukuu kwa maswali, na afya isikupungukie. Kamati ya zawadi imekununulia saa ya ukutani, kwa sababu unazozijua. Chini yake, ndani ya boksi, utakuta ufunguo. Ni wa chumba cha nyuma, tumechonga wa pili. Hatukuiti urudi kazini. Sisi tutakaa kwenye kile kiti, tumeshapangiana zamu. Tunataka tu, tukiwa tumekaa pale, tujue kwamba unao.