Daktari wa Kupe: Maisha ya Ndugu Yetu Hezekiah Kiplangat, 1925–1959

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni Kimutai, kaka yake mkubwa, na kwa vile niliishia darasa la nne, nikisoma polepole mnivumilie.

Hezekiah alizaliwa Rongai tarehe 3 Machi 1925, katika shamba la mzungu ambako baba yetu alichunga ng'ombe, akaanza shule ya misheni mwaka wa 1933, akapanda hadi Makerere, na mwaka wa 1951 akaabiri meli kwenda Uskoti kusomea ndigana, ule ugonjwa wa kupe uliomaliza ndama wa baba, mpaka Julai 1956 akapewa udaktari, wa sayansi, si ule wa sindano. Alikuwa amemwoa Cheptanui wa Solai, Desemba 1949, na Mungu akawajalia Zeddy na Chepchirchir.

Aliporudi alitaka kitu kimoja tu, nafasi ya utafiti chuoni, miaka miwili chini ya profesa, aitafutie ndigana dawa, lakini kila alikoandika alijibiwa kwamba nafasi zimejaa au pesa za utafiti hazijatoka, basi akawa anafundisha shule ya kati hapa Rongai, huku akifuga kupe kwenye chupa chini ya kitanda, hata Cheptanui akamwambia, "Baba Zeddy, hao wageni wako wakitoka, mimi narudi Solai," naye akamjibu, "Mama Zeddy, watakufuata, wamekuzoea."

Sisi kanisani tulidhani mtu aliyesoma mpaka mwisho, kisha bado anatafuta mwalimu, ameanguka mtihani na anaona haya kusema, kwa hiyo kila Jumapili tulimwombea apite, na nakiri sauti yangu ndiyo ilikuwa juu kuliko zote, hata Mzee Nderitu akamshika mkono mlangoni, akamwuliza, "Kijana, safari hii umesoma kweli, ama ni kucheza na wadudu tu?" Hezekiah hakukasirika, alisema, "Mzee, msichoke kuomba, bado nangoja."

Agosti 1958 Makerere wakampa nafasi, na Jumapili ya tarehe 7 Septemba tukachinja mbuzi, Mzee Nderitu akatangaza kwamba kijana amepita, naye Hezekiah akasimama mbele yetu akashukuru kwa maombi, asituaibishe. Ni juzi tu, tukichagua suti ya kumzika, Cheptanui aliponieleza kwamba mtihani aliumaliza Uskoti.

Kazi aliifanya kwa furaha, lakini Mei mwaka huu figo zikamshika, akaletwa nyumbani, akalazwa Nakuru, na alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1959 Bwana akamchukua. Profesa wake ametuma neno kwamba kupe wa Hezekiah bado wanalishwa, na kazi yake haitaachwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru, majirani mlioleta maziwa na kuni bila kuitwa, walimu wenzake, na wenzake waliosafiri kutoka Kampala.

Ndugu yangu, hatutaomba tena upite, ulikuwa umepita zamani, ni sisi tu hatukujua. Lala kwa amani, Daktari.