Msellem na Mipira Iliyotoka Mchangani Yenyewe

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bwana Msellem, msimamizi wetu wa uwanja wa gofu, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Wasifu wake nimeombwa niuandike mimi, Ghadeer, mwangalizi wa mashindano, ambaye kazi yangu ni kumshuku kila mtu. Basi mnivumilie.

Alianza wakati uwanja ni jangwa tupu na wachezaji wanatembea na kipande cha zulia la plastiki cha kuwekea mpira. Leo majani yamefika ufukweni, na mji umejaa wastaafu wenye nafasi zao: waliokuwa wizarani kule Maskati, wenye viwanda vya Rusayl, na Wazungu wanaokimbia baridi. Msellem anawajua wote, na nani goti linamsumbua. Aliwahi kuwafukuza mbuzi kumi na wawili katikati ya fainali bila kupandisha sauti. Mtu asiyekasirika miaka ishirini na sita, mimi simwamini.

Na kweli, palikuwa na jambo. Miaka mitatu nyuma mzee Marhoon, jaji mstaafu wa miaka sabini na tisa, alishinda Kombe la Wazee. Nikaitazama kadi yake: ati mikono inamtetemeka, na mpira wake haukuingia hata mara moja kwenye mashimo ya mchanga, mitego ya uwanja? Wiki iliyofuata nikamvizia kwa darubini. Mpira ukaangukia mchangani ng'ambo ya kilima, nikauona kabisa. Nikamgeuzia mzee darubini; alipofika, mpira uko juu ya majani. Nikapeleka jina lake kwenye kamati afutwe uanachama.

Maskini mzee wa watu, alikaa mbele ya kamati na kofia mapajani, hajui kosa lake. Msellem akaingia bila kuitwa.

"Mpira niliutoa mimi, yeye hana habari," alisema. "Mtu mzima hawezi kuhangaika mchangani mbele za watu, na mimi nipo nimesimama."

Alikuwa akitangulia na kigari, anausogeza, anaondoka zake. Kwake hiyo ilikuwa adabu tu, kama kumvutia mgeni kiti. Alipewa onyo la maandishi, nusura afukuzwe. Mzee Marhoon alirudisha kombe mwenyewe, jina lake likasafika. Nilimwomba radhi, na wallahi niliona haya.

Msellem aliahidi hatorudia. Lakini mwezi uliopita alipokwenda Umra wiki mbili, alama za wazee wote ziliharibika. Nikaanza kupekua kadi za zamani, kisha nikaziacha. Nyumbani nna Kombe la Wafanyakazi la 2019, ushindi wangu wa pekee maishani. Siku ile aliyetangulia mbele yangu na kigari ni yeye.

Ahsante sana, Msellem, kwa kutustahi sote. Mungu akupe afya na raha huko kwenu Bustan, wewe na mkeo Bi Bakhita. Na nikija siku moja kukuuliza juu ya kombe langu, nakuomba, usinambie.