Baba Bosi na Kobe wa Miguu Mitatu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza Baba Bosi, wengi wenu wa mtaa huu mliijua sauti ya mashine yake, ule mvumo kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya kopo, na usiku wa Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tano kasoro, ilisikika kama kawaida kutoka kibaraza cha nyuma, mkewe akiwa kitandani na mtoto mkononi akiifuata kwa sikio. Mashine ile ikiwa inakata ubao huvuma chini, kwa uzito, na ikiwa haikati kitu hulia nyembamba, juu juu, na usiku ule ilianza kulia nyembamba, ikaendelea hivyo, mkewe akadhani mumewe amesimama kupuliza vumbi, akangoja, kwa sababu mtoto, Bosi, ndiyo kwanza alikuwa ameshikwa na usingizi, akangoja dakika kumi. Dakika hizo kumi ataziombea msamaha maisha yake yote. Lakini maisha ya mtu hayasomwi kuanzia mwisho, kwa hiyo karatasi hii, iliyoandikwa na mkewe na inayosomwa na kaka mkubwa wa marehemu baada ya kuombwa asiruke hata mstari mmoja, inarudi mwanzo.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 6 Juni 1993, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mama yetu fundi cherehani na marehemu baba yetu, na mama husema alizaliwa akiwa kimya kabisa, mkunga akamchapa makofi mawili ndipo akalia, na tangu siku hiyo kazi ya kulalamika akawaachia watu wengine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, akaingia sekondari mwaka 2007 na kumaliza 2010, si wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila daftari zake zilijaa michoro ya wanyama pembeni hadi mwalimu wa hesabu akamwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba tembo ni mzuri lakini jibu halipo. Mwaka 2011 alijiunga na mafunzo ya ufundi bomba, akahitimu mwaka uliofuata.

Tarehe 4 Februari 2013 aliajiriwa na ofisi ya maji akiwa msoma mita, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili, akiingia nyua za watu na tochi yake na kijitabu chake, akijua mbwa gani anang'ata na yupi anapiga kelele tu. Ni kazi hiyo iliyomfikisha nyumbani kwa shangazi wa mkewe, akasoma mita Jumatatu, akarudi Jumatano kuihakiki, Ijumaa akaja tena kuitazama vizuri, hadi shangazi akatoka na mwiko mkononi akamuuliza, "Mwanangu, hiyo mita inaota meno au kuna kingine unachokisoma hapa?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 2022, na tarehe 15 Machi 2023 wakajaliwa mtoto wa kike, ambaye baba yake alimwita Bosi tangu siku ya kwanza kwa sababu, kama alivyowaambia wenzake kazini, ndiye mtu pekee anayemwamsha saa tisa usiku na hawezi kumjibu.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2023, akitoka kusoma mita kwa mzee seremala mstaafu wa uchochoro wa nyuma, alirudi nyumbani amekumbatia mashine kuukuu ya kukatia nakshi, ile yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, akaiweka kibarazani akiwa na furaha kama mtoto. Na hapa mkewe anaomba radhi, kwa sababu lifuatalo aliahidi kutolitoa nje ya chumba. Wiki mbili nzima mashine ile ilimsumbua, kila akiisogezea ubao ubao unaruka juu na kumgonga vidole, haikati ila inatafuna, akaenda kwa mzee seremala akamwambia mbele ya wageni wake kwamba amemuuzia chuma chakavu, mzee akafunga mlango. Jioni iliyofuata mkewe akiwa anafuta vumbi aliitazama ile bledi, akapitisha kidole taratibu, akamuuliza mumewe hivi haya meno si yangetakiwa kutazama chini, mbona yametazama juu kama mswaki, na Baba Bosi akaja, akainama, akatazama, akakaa sakafuni, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamshika mkewe mabega akamwambia, "Mke wangu, hili likitoka humu ndani nahama mji." Aligeuza bledi, ubao ukakatika kama mkate. Mzee seremala, uko hapa leo, umekuwa hapa tangu Ijumaa, hakuwahi kukuomba radhi kwa aibu tu, alikuwa akipita mlangoni kwako na kurudi, na mkewe anakuomba radhi kwa niaba yake.

Kazi zake za mwanzo wengi wenu mnazo, yule samaki wa kushikia funguo mwenye jicho kubwa kuliko kichwa, na vile vibao vya kutundikia makoti alivyowagawia majirani hata wasiokuwa na makoti, na twiga aliyevunjika shingo kwa sababu bledi ilikuwa nene na kona ilikuwa kali, akampiga msasa akasema basi huyu ni ng'ombe, na ng'ombe huyo yupo juu ya televisheni hadi leo. Alikuwa akilazimisha, akisukuma ubao kwa nguvu hadi unaungua ukingoni na kutoa moshi, akivunja bledi nne kwa jioni moja, mpaka siku mama alipokuja kumwona mjukuu, akakaa kibarazani akamtazama kwa muda, akamwambia kwamba yeye hajui mbao lakini hawezi kushona hariri kwa sindano ya jinzi, na kwamba sindano iliyochoka anaitoa, haigombezi. Basi marehemu akaanza kuuliza madukani kama anayetafuta dawa, akajifunza kwamba ubao mnene unataka bledi pana yenye meno makubwa yaliyoachana, na plaiwudi nyembamba inataka yenye meno madogo yaliyobanana, akaachana na zile zenye kijipini kila ncha kwa kuwa haziwezi kupita kwenye tundu dogo, akapata za kubanwa kwa skrubu, nyembamba kama uzi, zinazoingia katikati ya ubao na kutoboa hata jicho la kuku. Akapata pia zile ambazo meno machache ya chini yametazama juu makusudi, ili mgongo wa ubao usichanike, na alipoziona alimwita mkewe kutoka jikoni akamwonyesha, akasema unaona sasa, mimi nilikuwa nusu sahihi.

Afya yake ilianza kuyumba Novemba 2024, akipanda mlima wa mtaa wa juu anasimama mara mbili, anashika kifua, anajifanya anasoma kijitabu. Tarehe 22 Januari 2025 alikwenda zahanati, daktari akamwambia moyo wake haupigi sawasawa na akampa kadi ya kwenda kupimwa hospitali kubwa, ambako siku ya karibu iliyopatikana ilikuwa ya Februari, akaiahirisha, akasema anataka kwanza kumaliza zawadi ya Bosi ya kutimiza miaka miwili, kobe wa vipande saba wa kupanga na kupangua, na siku mpya aliyoandikiwa ilikuwa Jumatatu tarehe 17 Machi, saa tatu asubuhi. Ndugu zangu, ni leo. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati lake.

Alimwambia mkewe kila kitu usiku uleule wa Januari, kisha akamwapisha asimwambie mama, kwa sababu mama ana presha na hili litamwangusha, na mkewe akaapa, na akatunza kiapo chake miezi miwili huku akiogopa, akihesabu pumzi za mumewe gizani, akienda kwa mama na vyombo vya chakula na kurudi bila kusema, na Baba Bosi alipoanguka kibarazani na mashine ikaendelea kulia juu yake, jambo la kwanza mkewe alilowaza, Mungu amsamehe, ni kwamba yeye ndiye amemuua kwa kunyamaza. Alikimbizwa hospitali na jirani yetu dereva wa teksi, akalazwa siku mbili na saa kadhaa, na Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akatutoka, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, siku moja kabla Bosi hajatimiza miwili.

Jumamosi jioni mkewe hakuweza tena, alimfuata mama chumbani alimofikia kwa ajili ya msiba, akapiga magoti, akasema yote kwa mkupuo, kadi, kifua, kiapo, dakika kumi, akangoja afukuzwe, akiwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye mfuko. Mama akasema, "Na mimi aliniambia." Alikuwa amemwambia mama Jumapili ileile iliyofuata, tarehe 26 Januari, akiwa amekaa kwenye kile kigoda cha cherehani, akamwapisha naye asimwambie mkewe, kwa sababu ni binti mdogo, ananyonyesha, ataogopa maziwa yakauke. Wanawake wawili, miezi miwili, wakipikiana, wakiulizana hujambo, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kilekile ambacho mwenzake anakijua. Mama akaufungua ule mfuko wa nguo za mtoto mwenyewe, akazirudisha kabatini moja moja, akamwambia mkwewe kwamba mtoto analala pale alipozoea kulala na mama yake hali kadhalika, na kwamba kuanzia sasa anayeumwa katika nyumba hii atasema, hata kama ni kidole. Wote wawili wamekubaliana isomwe hapa ili pasiwe na mtu wa kuuliza nani alijua na nani hakujua.

Marehemu ameacha mama, mke, mtoto mmoja, ndugu watatu, na kobe mwenye vipande sita. Mguu wa nyuma haukukatika wote, ubao bado upo mashineni na bledi imesimama ndani yake, nzima, haikuvunjika, na mzee seremala amejitolea kuumalizia, na mkewe amekubali, ila ameomba asibadilishe bledi. Kwa sasa Bosi anamchezea kobe wa miguu mitatu, na kila anapomaliza kumpanga anaangalia mlango wa nyuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, dereva aliyepita kila taa nyekundu, majirani mliovumilia mvumo ule na sasa mnasema mnaukosa, ofisi ya maji na hasa wasoma mita wenzake waliobeba jeneza, na shangazi aliyekuja na mwiko wake uleule.

Baba Bosi, mkeo anaogopa, hajui kuanzia wapi, lakini hayuko peke yake. Lala sasa, kifua kimepumzika, hakuna mlima mwingine wa kupanda. Na ile siri ya bledi uliyomwapisha, ameivunja leo mbele ya mtaa mzima, kwa sababu alitaka watu wacheke nawe mara moja ya mwisho. Anakuahidi hatamwambia mtu mwingine.