Kazungu Dzoro, Mtu Aliyekataa Salamu za Mombasa

Na Emmah Auma wa ofisi ya mizani, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ghala

Ijumaa tarehe 30 Julai 1999, Bwana Kazungu Dzoro, nyapara wa wapakiaji, anastaafu baada ya kulitumikia ghala letu la majani ya chai kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kazi mwaka 1970, enzi za masanduku ya mbao yenye misumari ya kuchana mikono, na anatuacha enzi za magunia ya karatasi, ambayo yeye mpaka leo anayaita mifuko ya harusi. Wiki ileile aliyoajiriwa yeye ndiyo aliyoajiriwa Bwana Kioko, dereva wetu wa foklifti. Walipanga chumba kimoja, wakala sufuria moja, na Kioko ndiye aliyesimama naye siku alipomwoa Bi Naomi.

Alianza kwa kubeba, akawa mpangaji, kisha akapewa unyapara, na sijawahi kumsikia akimpigia mtu kelele. Wageni wanaokuja kukagua chai humkumbuka kwa salamu zake. Ukikutana naye langoni atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu uliokusumbua mwezi uliopita, na za jirani yako ambaye yeye hajawahi kumwona. Karani mmoja mpya alidhani mzee anagombea udiwani. Ndiyo maana vijana walioajiriwa juzi hawaamini tukiwaambia kwamba mtu huyuhuyu, kwa miaka minne, alichukiwa kuliko wote kisiwani, na kosa lake lilikuwa kutoitika salamu.

Chanzo ni Kioko. Mwaka 1992 alishikwa na homa ya kanda za video za mieleka, zile za wanaume wenye nywele ndefu na suruali za kubana, akaona sisi nasi tunaweza. Alikusanya wapakiaji wenye mabega, akawaita Mieleka ya Mvita, akakodi ukumbi mmoja pale Makadara. Ulingo ulijengwa kwa mbao za masanduku ya chai, na juu yake yakatandikwa magodoro ya sufi. Kama mjuavyo, mieleka ya aina hii hupangwa: mshindi hujulikana mapema, na ufundi ni kuanguka kwa kishindo bila kuumia. Lakini watazamaji hawakuambiwa, na wanamieleka waliapa kutowaambia.

Kazungu alichukuliwa kwa sababu ya ukubwa wake tu. Alikuwa na miaka arubaini na minane, umri ambao wenzake walikuwa wameanza kulalamikia magoti, na nasema kwa mapenzi yote kwamba alikuwa mbovu. Alikuwa akimwomba mpinzani radhi kabla ya kumwangusha. Kisha ikaja Jumamosi aliyong'olewa jino asubuhi, akapanda ulingoni jioni na mdomo uliojaa pamba. Mpinzani wake alikuwa Levi, kijana mtanashati aliyependwa na kina mama, naye kwa adabu akanyoosha mkono na kumuuliza habari za jioni. Kazungu hakuweza kufungua kinywa. Aliona haya, akageuka akamwonyesha mgongo.

Ukumbi mzima ulisimama. Watu walikuwa wameona mateke na viti vikirushwa wakapiga makofi, lakini hili hawakulitarajia. Mtu mzima, mwenyeji wa hapahapa, kapewa salamu kaikataa! Bibi mmoja alivua kiatu. Kioko, aliyekuwa na kipaza sauti, alielewa kabla ya wote kwamba amepata mali, na kuanzia Jumamosi iliyofuata Kazungu akatangazwa kwa jina la Hasalimiki.

Ndipo Mieleka ya Mvita ilipopaa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Walialikwa Malindi, wakaalikwa Voi, na kila walikokwenda kazi ya Kazungu ilikuwa moja: asalimiwe, anyamaze, kisha apigwe na Levi mbele ya umma wenye furaha. Shida ni kwamba Kioko alimsihi anyamaze hata nje ya ukumbi, maana wangemwona akiamkiana na watu sokoni wangejua ni mchezo. Basi akawa anapita Ndia Kuu ameinamisha kichwa, na Bi Naomi hatua moja nyuma yake, akiitikia salamu kwa niaba yao wote wawili. Muuza mahamri wa kona alimkatalia hadharani, akisema, "Mahamri yangu hayaliwi na asoitika salamu." Akifika kwetu ndani ya lango ndipo anapozimwaga salamu zote alizozibana njiani, na sisi wa mizani tukawa tunachelewa kufungua kwa ajili yake. Tulicheka sana, lakini tulimwona akikonda.

Mwaka 1996 binti yake Loise, mwalimu wa chekechea, alichumbiwa na Jeremy, kijana wa bandarini. Baba yake Jeremy ni Mzee Ogutu wa Buxton, mstaafu wa reli, ambaye hakukosa mieleka hata Jumamosi moja na benchi lake lilikuwa la mbele. Siku moja aliwahi kumwamkia Kazungu pale Ndia Kuu, kati ya wazee wenzake, akapitwa kama nguzo ya stima. Alipojua kwamba huyo ndiye baba wa msichana, alisema posa haitakwenda. Hapeleki watu wake mlangoni kwa mtu asiyejua kuitika hodi.

Bi Naomi alikwenda Buxton kumweleza siri yote. Mzee Ogutu alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa upole, "Mama, alinipita mbele ya watu. Aniitikie mbele ya watu." Loise hakugombana na mtu. Aliacha kula tu, na hilo baba yake hakuliweza.

Kazungu akamwendea Kioko kuomba ruhusa. Tuliwaona wamekaa juu ya magunia wakati wa chakula, hawali. Kioko alikuwa ameweka roho yake yote katika mieleka ile. Hakuwa na mke wala mtoto, Jumamosi ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Alimwambia, "Ukiitika mara moja tu, Kazungu, tumekwisha." Na hakuwa anatishia. Alikuwa anasema kweli, na Kazungu alijua.

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo ukumbini, mimi nisiyependa fujo. Ilikuwa siku ya mkanda wa ubingwa. Kabla kengele haijapigwa Mzee Ogutu aliinuka kwenye benchi lake, akavua kofia, akaja mpaka kwenye kamba za ulingo. Akasema, "Hujambo, Kazungu?"

Tangu aitwe Hasalimiki, jina hilo halikuwa limetajwa ukumbini humo. Kazungu alimtazama Kioko, na Kioko, kipaza sauti mkononi, alitikisa kichwa polepole kumsihi. Hawa walikuwa watu wawili waliokula sufuria moja. Kisha Kazungu akapiga magoti kwenye zile mbao, uso wake ukawa usawa mmoja na wa mzee, akasema, "Sijambo, mzee. Shikamoo."

Alipoitikiwa marahaba hakuishia hapo. Aliuliza habari za mama, za Jeremy, za wazee wa reli, za kifua cha mzee mwenyewe na baridi ya mwezi wa saba, huku machozi yakimtiririka. Levi aliketi chini pembeni na mkanda wake mapajani. Kisha watu wakaanza kusogea mmoja mmoja kumsalimu, naye akamwitikia kila mmoja, na mieleka haikupigwa jioni hiyo. Nililia, sioni sababu ya kuficha.

Loise aliolewa Desemba. Mieleka ya Mvita ilikufa kabla ya hapo, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kumchukia Hasalimiki. Kioko alileta jitu kutoka Voi lililovunja viti, watu wakapiga miayo. Mbao za ulingo zimo shedi ya nne, chini ya magunia, na mkipita hapo mzikanyage kwa adabu.

Tangu siku ile Kioko hakumsemesha Kazungu. Walifanya kazi pamoja vilevile. Hata mvua za El Nino zilipoingia shedini walihamisha chai yote kwa ishara za mikono, haikulowa hata pakiti. Lakini kila asubuhi Kazungu alisimama kando ya foklifti akamsalimu Kioko kwa urefu wake wote, na kila asubuhi Kioko aliwasha injini akaondoka. Ilikuwa hivyo zaidi ya miaka miwili, na hakuna aliyethubutu kuingilia.

Machi mwaka huu Kazungu aliugua malaria. Siku ya tatu Kioko alikuja dirishani kwangu, amekunja uso, akaniuliza, "Auma, mbona sijasalimiwa?" Nilimweleza. Aliiacha foklifti injini ikinguruma, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani, akaenda kwa miguu.

Yaliyobaki alitusimulia Bi Naomi. Kioko alisimama mlangoni akapiga hodi. Kazungu, kitandani, aliijua sauti, akamshika mkewe mkono asiitikie. Kioko akapiga hodi ya pili, kimya. Mombasa hii kila mtu anajua kwamba hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa unarudi kwenu. Ya tatu ilitoka kwa sauti ndogo, na hapo Kazungu akaitika, "Karibu, ndugu yangu," akicheka na kulia pamoja, naye Kioko akaingia akimtukana.

Mzee Kazungu, ghala linakushukuru kwa mabega yako, kwa subira yako, na kwa kila asubuhi uliyotuchelewesha. Mungu akupe afya na umri mrefu, wewe na Bi Naomi, na wajukuu wakuzunguke. Ukituona mjini utusimamishe, utuulize habari za kila mtu. Kioko ameshasema yeye ataitika kwanza.