Kisiagi cha Baba Kilipochemka

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, na apewe sifa hata siku ambazo mtu hana hamu ya kumsifu. Mimi ni Mwende, binti wa yule mzee wa kisiagi, anayewasagia unga kule juu, njia ya Msambweni. Mchungaji ameniambia niwe mfupi. Nitajaribu, lakini ushuhuda wangu si wa kurukaruka.

Mnakumbuka wakati wa vurugu, sisi watu wa bara tulipokuwa tunafukuzwa huku Pwani, wengi walilala porini. Sisi hatukulala porini. Jirani yetu Bi Mwanamisi, Mdigo wa hapa hapa, Mwislamu, alituingiza jikoni kwake: Baba, Mama, mimi na wadogo zangu. Akafunga mlango, akakaa nje kwenye mkeka kama mtu anayepunga upepo. Watu wakaja wakauliza kama ana wageni. Akawaambia hana. Wangeweza kumchomea nyumba kwa ajili yetu!

Hali ilipotulia kidogo, Mama akachukua wadogo zangu akarudi Kitui. Alisema hakanyagi tena Pwani. Tukabaki Baba na mimi, tuuze kisiagi, halafu tumfuate. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina la kufanya ila kungoja, na mimi kungoja sijui. Kila asubuhi ombi langu lilikuwa moja: Bwana, tutoe hapa.

Mnunuzi akapatikana, naye ni Bi Mwanamisi mwenyewe na kikundi chake cha akina mama. Walikuwa wanachanga muda mrefu wapate kisiagi chao. Nikasema Mungu amejibu!

Ndugu zangu, wiki hiyo hiyo injini ikachemka. Ilikuwa mchana, wateja wamejaa mlangoni. Mvuke ukafoka juu, injini ikakohoa, ikanyamaza. Watu wakabeba ndoo zao za mahindi wakaondoka mmoja mmoja, wakituambia pole.

Fundi Omari akaja kutoka Msambweni, akafungua juu. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda kwa moto, na gasketi inayokizibia imeungua. Akatueleza njia mbili. Ya kwanza, anasawazisha kichwa, anabadilisha gasketi, anafunga, na baada ya siku chache kinasaga. Ya pili, anafungua injini yote mpaka chini, anatazama silinda, pistoni, ringi, njia za maji, kila kitu. Hiyo vipuri vyake vinatoka Mombasa, na lini vitafika hajui. Kisha akamwuliza Baba, "Mzee, niambie kwanza. Natengeneza ya kukaa nayo au ya kuuza?"

 Mimi ndiye niliyejibu. "Ya kuuza."

Fundi akasema basi ni rahisi, itanguruma vizuri siku ya kuuziana, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo kazi ilivyo huku, na wanunuzi wanajua, ndiyo maana mtu akienda kununua injini huenda na fundi wake.

Lakini Bi Mwanamisi alipokuja kutupa pole na wenzake, Baba akamwambia kwa sauti ndogo kwamba siku ya kununua aje na fundi. Yule mama akacheka.

"Fundi wa nini, Baba Mwende? Niliwalaza jikoni kwangu mkapaliwa na moshi, leo mtaniuzia kibovu?"

Mwenzake akadakia, "Labda fundi aje kuwakagua wao, si mashine."

Wakaondoka wakicheka. Baba akakaa juu ya gunia na hakuinuka. Nikamwambia Mama anatungoja. Nikamwambia hatutamdanganya mtu, kwa sababu hata fundi hajui kama huko ndani kuna ubovu. Labda hakuna. Na kweli hatukujua, ndugu zangu! Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kule kutojua kulitufaa.

Baba akasema, "Nikimwuzia hii, Jumapili nikipiga magoti nitamwambia nini Mungu?"

Akamwambia Fundi Omari afungue yote.

Nilikasirika, siwafichi. Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mvua ile kubwa ikakata barabara, vipuri havikuja. Injini ililala vipande vipande juu ya turubai, nasi tukila muhogo wa kuchemsha, asubuhi na jioni. Mama akatuma salamu na mtu wa basi, akasema kama tunapenda kisiagi kuliko yeye, tukae nacho. Baba akazisikia, akaendelea kupangusa pistoni kwa kitambaa. Niliomba na sikusikia kitu. Nilikuja hapa, nikaimba na ninyi, nikarudi nyumbani vile vile.

Halafu siku moja Fundi Omari akaniita. Alikuwa amefika chini kabisa. Njia za maji zilikuwa zimeziba kwa chumvi, ngumu kama jiwe. Maji ya kisima chetu yana chumvi, tulikuwa tunailalamikia kwenye chai tu. Watu wa bara sisi, hatukufikiri kwamba injini nayo inayanywa, nasi tuliijazia maji hayo hayo miaka yote. Na silinda ilikuwa na ufa. Fundi akasema tungefunga kichwa tu, ingekufa mbele ya wale akina mama, tena upesi.

Fikirieni, ndugu zangu. Mtu wa bara amewauzia akina mama wa hapa injini iliyopasuka, kisha ametoroka. Katika wakati kama ule! Ninyi mliobaki mngejitetea vipi? Na Bi Mwanamisi, aliyetuficha, angeambiwa nini na watu wake? Nikakaa chini palepale kwenye mafuta. Hapo ndipo Bwana aliponishika. Tulikuwa tumefika ukingoni, naye akatuvuta nyuma.

Ningeishia hapa, ushuhuda ungekuwa mtamu. Lakini Baba alikwenda kwa Bi Mwanamisi akamweleza yote, kwamba tulifikiria kumwuzia injini ya kuzibaziba. Nilimsihi asiende. Kwa nini aungame jambo ambalo halikutendeka? Akaenda, nami nikamfuata. Bi Mwanamisi alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Hakutukaribisha kukaa. Tangu siku hiyo hakuja kwetu tena.

Vipuri vilifika mwishowe, na wiki hii injini imewaka. Imekaa sawa, inanguruma vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Baba akatuma habari, na akina mama wakaja na fedha zao. Safari hii Bi Mwanamisi alikuja na fundi, kutoka Ukunda. Yule fundi akagonga, akasikiliza, akachovya kidole kwenye pipa la kupozea injini, akaonja hata maji kama yana chumvi. Bi Mwanamisi alisimama mlangoni akitazama nje. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amekataa kuleta mtu. Baba akanifuata, akaniambia, "Ana haki, Mwende."

Fundi akasema mashine ni nzima. Wakalipa. Nilipomwamkia shikamoo wakati wa kuagana, Bi Mwanamisi aliitikia marahaba, akanishika mkono kidogo, akasema nimsalimie mama yangu. Kisha akampita Baba bila kumtazama.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, ila kwa moyo mzito. Alituokoa, na bado tulipoteza kitu, na sijui kama kitarudi. Kesho tunasafiri. Sijui Mama atatupokeaje. Mtuombee.

Lakini nina neno kwenu mnaobaki. Nimesikia wengine mnasema sasa kisiagi kimekuwa cha Waislamu, mtatafuta pa kusaga mbali. Msifanye hivyo. Mnasema mnamtumaini Mungu, basi waaminini na watu aliowatumia kutuficha. Kesho asubuhi mkisikia kinalia, pelekeni ndoo zenu pale. Mwamkieni Bi Mwanamisi vizuri, hata asipotabasamu. Ngojeni zamu yenu.